Treni ipi imeondoka, yetu au ya pembeni? Maswali yenu ya mwezi huu

Wasomaji wa Tanga hamjambo. Mwezi huu meseji nyingi zilizoingia ni za treni, nadhani kwa sababu watu wamerudi kusafiri kwa reli kwenda Moshi na Arusha, na wengine wameshapanda ile SGR, treni mpya ya umeme ya Dar mpaka Dodoma, wamerudi na maswali. Nimechagua matano. Nimefundisha fizikia miaka mingi na hili somo la mwendo ndo nalipenda kuliko yote, kwaiyo mtanivumilia nikirefusha pengine.

Shikamoo mwalimu. Nilikua natoka Dar nakwenda Moshi, tukafika stesheni moja kabla ya Korogwe tukasimama kupisha treni ya mizigo. Mi nipo dirishani, mabehewa ya mizigo yako karibu kabisa, mara naona tunaondoka, nikamwambia shangazi haya tumeanza safari. Tumeenda kama dakika hivi alaf mabehewa yakaisha ghafla, naona mwembe uko palepale na mama muuza machungwa yuko palepale, kumbe hatujasogea hata kidogo. Nikapata kizunguzungu. Je nina tatizo la macho au la kichwa? – Msomaji, Korogwe

Marahaba mwanangu. Huna tatizo lolote, macho yako mazima na kichwa chako kizima, hii humpata kila mtu na mimi imenipata zaidi ya mara moja.

Anza na reli yenyewe. Reli yetu hii, iliyoanza kujengwa hapahapa Tanga 1893 na kufika Moshi 1911, ni njia moja, kwaiyo treni mbili zinazokuja uso kwa uso haziwezi kupishana popote ila stesheni yenye njia ya pili, moja inaingia pembeni inasubiri nyingine ipite. Ndo maana mlikua mmelala ubavu kwa ubavu na yale mabehewa, pengine hata mita mbili hazifiki, na dirisha lako zima limejaa treni ya watu, huoni ardhi, huoni mti, huoni kitu kingine chochote.

Sasa jicho lina kazi moja tu hapo, linaona kwamba umbali kati yako na lile behewa unabadilika. Basi. Halina namna ya kujua nani kati yenu anayesogea. Wewe ukienda mbele kwa spidi ya mtu anayetembea na wao wamesimama, au wewe umesimama na wao wanarudi nyuma kwa spidi hiyohiyo, picha inayoingia dirishani ni ileile moja, haina tofauti hata ya nukta. Ubongo unalazimika kukisia, na ubongo umezoea kwamba kitu kikubwa kilichojaa mbele ya macho huwa ndo ardhi, huwa ndo kilichosimama, kwaiyo unaamua sisi ndo tunaenda.

Utaniuliza, mbona mwili haukunistua? Swali zuri. Ndani ya sikio, huko mbali kuliko ngoma ya sikio, kuna mirija midogo yenye majimaji na kuna vijiwe vidogo sana vimelala juu ya vinyweleo, ndo vinavyotuambia tumegeuka, tumeondoka, tumefunga breki. Lakini vile vijiwe havipimi spidi, vinapima spidi ikibadilika. Ukienda spidi moja bila kuongeza wala kupunguza vinakaa kimya kama umelala kitandani kwako. Na treni ya mizigo mizito, au hata yenu ya abiria, inaondoka taratibu sana, mabadiliko ni madogo mno sikio halina la kusema, ubongo ukaona ushahidi uliopo ni wa macho peke yake ukaukubali. Alaf mabehewa yakaisha, mwembe ukatokea, ubongo ukageuza hukumu kwa mkupuo, na huko kugeuza ghafla ndo kizunguzungu chako.

Dawa yake ni kuangalia kitu cha tatu. Geukia dirisha la upande wa pili, au inama utazame mataruma ya reli yenu. Yakitembea basi ni nyie.

Ila kuna jambo kubwa zaidi hapa ambalo nataka ulishike. Ukisema "treni inaenda kilometa 60 kwa saa" hujamaliza sentensi. Kwa kupima kutoka wapi? Kutoka kwenye mwembe ni 60. Kutoka kwenye kiti chako ni sifuri, kiti hakijawahi kukukimbia. Kutoka kwenye treni inayokuja ni nyingine kabisa. Wote wamepima sawasawa na hakuna aliyedanganya. Sisi kwa mazoea tunapima kutoka ardhini kwa sababu ndo tunapoishi, lakini hio ni desturi yetu tu, sio amri ya maumbile. Galileo, yule Mtaliano, aliandika hili 1632 akitumia mfano wa meli, akasema jifungie chumba cha chini cha meli inayoenda vizuri bila kuyumba, angalia matone ya maji yanadondoka wima, angalia vipepeo wanaruka kila upande sawasawa, hutapata jaribio hata moja la humo ndani la kukuambia meli inaenda au imetia nanga. Waliowahi kulala kwenye chombo cha kwenda Pemba siku bahari imetulia wanajua, unaamka hujui kama mnaenda mpaka utoke ukaangalie nchi kavu.

Mwalimu mi niko form two hapa Chumbageni. Tumeambiwa treni zikikutana tunajumlisha spidi na zikienda upande mmoja tunatoa. Nimekariri ila sielewi kwa nini, na kwenye mtihani nilikosa swali la urefu wa treni ingawa nilijumlisha vizuri. Naomba msaada.

Mdogo wangu kukariri hakutakusaidia, weka treni pembeni kwanza chukua baiskeli, mji wetu huu baiskeli hazijapata kukosekana. Uko barabarani unaenda kilometa 15 kwa saa. Rafiki yako yuko mbele anaenda upande uleule kilometa 12. Kila saa ikipita wewe unameza kilometa 15 za barabara na yeye anameza 12, kwaiyo pengo lililokua kati yenu linapungua kilometa 3. Hizo 3 ndo spidi yako kwake, yaani yeye akigeuza shingo akuangalie anaona unamsogelea taratibu kama mtu anayetembea polepole. Sasa mwingine anatokea mbele anakuja kwako kwa 12. Wewe unakula pengo upande huu 15, yeye anakula upande ule 12, pengo linaliwa pande zote mbili, 27. Hapo hakuna sheria ya kukariri, ni pengo tu. Jiulize kila mara, pengo linaisha kwa kasi gani?

Sasa urefu, na hapa ndo wengi mnaangukia kwa sababu hamsomi swali linasema nani anayepima. Tuseme treni ya abiria ina mita 150, inaenda kilometa 72 kwa saa ambayo ni mita 20 kwa sekunde (gawa kwa 3.6, hii ndo ikariri). Treni ya mizigo ina mita 300, inakuja mbele yake kwenye njia ya pili kwa kilometa 36 kwa saa, mita 10 kwa sekunde. Spidi ya kukutana ni 30.

Swali likisema zinachukua muda gani kupishana kabisa, maana yake toka pua zinagusana mpaka mikia inaachana. Urefu wote unahesabiwa, 150 na 300 ni 450, gawa kwa 30, sekunde 15. Lakini swali likisema abiria aliyekaa dirishani ataiona treni ya mizigo ikipita kwa muda gani, huyo abiria hana mita 150, yeye ni kama nukta, urefu wa treni yake haumhusu hata kidogo, kinachompita ni mita 300 tu, gawa kwa 30, sekunde 10. Na mtu aliyesimama jukwaani stesheni akaulizwa swali hilohilo, treni ya mizigo inampita kwa mita 10 kwa sekunde sio 30, kwaiyo sekunde 30. Treni ni ileile, siku ileile, majibu mawili tofauti ya mtu anayeitazama, yote sahihi! Nina hakika wewe ulijumlisha 450 mahali palipotaka 300.

Zikienda upande mmoja kwenye reli mbili zilizolala sambamba, ya abiria ikiipita ya mizigo, pengo linaisha kwa 10 tu, 450 gawa kwa 10 ni sekunde 45. Ona ilivyokua ndefu. Ndo maana dereva wa basi anayetaka kulipita lori refu hapo Segera anahitaji barabara nyeupe kubwa sana mbele yake, kwa lori anajongea taratibu lakini kwa gari inayokuja mbele anaenda kwa jumla ya spidi zote mbili, na huo muda wote yuko upande usio wake. Mahesabu haya sio ya mtihani peke yake.

Mi nilikua konda wa daladala za Raskazone zamani. Tulikua tunajua ukishuka gari haijasimama unakimbia kidogo na gari la sivyo unalamba lami. Sasa kijana wangu amepanda SGR anasema aliruka juu ndani ya behewa na akatua palepale. Gari inaenda 160, miguu yako iko hewani, kwa nini isikuache? – Baba wa watoto wanne, Ngamiani

Kaka, jibu la kijana wako na jibu la ukonda wako ni moja, na we umelijua kwa miguu kabla mimi sijalijua kwa vitabu.

Kilometa 160 kwa saa ni kama mita 44 kila sekunde. Mtu akiruka anakaa hewani nusu sekunde hivi. Kama treni ingemwacha, kijana angetua mita 22 nyuma ya pale aliporukia, yaani angeenda kubamizwa mlango wa mwisho wa behewa. Haikutokea kwa sababu kabla ya kuruka yeye mwenyewe alikua tayari anaenda 160 na treni, na kuinua miguu hakumnyang'anyi hio spidi, hakuna kitu humo ndani cha kumzuia, hata hewa ya ndani ya behewa inaenda 160 pamoja naye. Kwaiyo kwake yeye na kiti chake na chai iliyoko kwenye kikombe, wote ni sifuri kwa wenzao. Angejaribu juu ya paa ingekua habari nyingine, hewa ya nje haijapanda treni.

Sasa wewe mlangoni mwa daladala. Gari inaenda tuseme 15, mwili wako nao unaenda 15. Mguu unagusa lami, lami ni sifuri, mguu unasimama, lakini kifua na kichwa bado vina zile 15 zao na havijapewa taarifa. Usipokimbia unaanguka kifudifudi kuelekea kule gari inakoelekea. Ukikimbia unaupa mwili nafasi ya kuzimaliza zile 15 hatua kwa hatua. Mliokua mnashuka mkiangalia nyuma mnajua kilichowapata. (Na vijana wanaosoma hii, msiende kujaribu, gari likiwa na 40 hakuna miguu ya binadamu inayotosha.)

Na niongeze hili kwa sababu linanifurahisha kila nikilifikiria. Dunia inajizungusha, na mji wetu hapa nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta unachukuliwa kwenda mashariki kilometa zaidi ya 1,600 kwa saa, mara kumi ya ile SGR. Nazi ikidondoka inadondoka chini ya mnazi wake. Sababu ni ileile ya kijana wako.

Kwa nini honi ya treni ikija inalia juu, ikishapita inashuka ghafla? Na kama spidi zinajumlishwa, mwanga wa taa ya treni nao unajumlishwa na spidi ya treni? – Msomaji, Muheza

Umeuliza mawili kwa mpigo. Honi: dereva anapiga sauti ileile, ila akija kwako anayafukuzia mawimbi ya sauti yake mwenyewe, yanabanana, yanakufikia mengi zaidi kwa sekunde, sikio linasikia juu. Akishakupita anayakimbia, yanaachana, sikio linasikia chini. Sauti hewani inaenda kama mita 340 kwa sekunde, na treni ya mita 20 kwa sekunde inatosha kushusha honi kwa sauti nzima moja, kama mwimbaji anayetoka re kuja do, mtu wa taarabu hawezi kukosa kuisikia. Doppler wa Austria alilisema hili 1842, na 1845 huko Uholanzi Buys Ballot akapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, akaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize noti inabadilika vipi. Nalipenda sana jaribio lile, masikio tu na treni.

Mwanga: hapana, haujumlishwi. Taa ya treni iliyosimama na ya treni inayokuja zote mwanga wake unakufikia kwa karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, uleule. Hili liliwasumbua wanasayansi mpaka Einstein 1905 akasema basi tukubali hivo, na tuangalie upya tulichokua tunaita muda na urefu. Kanuni yetu ya kujumlisha ni sahihi kwa treni na baiskeli kiasi kwamba hakuna saa ya mkononi itakayoona kosa, ila ukikaribia spidi ya mwanga inaacha kufanya kazi. Nitalirudia siku nyingine, linataka ukurasa wake.

Mwalimu sisi tunakaa karibu na reli huku Pongwe. Watoto wana tabia ya kurushia treni mawe, nikiwakanya wananiambia mama ni kijiwe kidogo, hatujakirusha kwa nguvu. Pia wanavuka reli treni inaonekana wanasema iko mbali inakuja polepole. Nakosa maneno ya kuwaambia.

Mama, nashukuru umeandika, hili nimeliweka mwisho makusudi ili niwe na nafasi.

Jiwe kwanza. Mtoto anaposema hajalirusha kwa nguvu anapima kutoka pale aliposimama yeye. Anayelipokea hasimami pale. Tuseme mtoto karusha kwa kilometa 54 kwa saa, ni kirusho cha kawaida cha mtoto aliyechangamka, na treni inakuja kwake kwa 60. Kwa yule dereva nyuma ya kioo jiwe linakuja kwa 114. Na kuumiza kwa jiwe hakuendi na spidi moja kwa moja, kunaenda na spidi mara yenyewe, spidi ikiwa mara mbili nguvu inayobebwa ni mara nne. Hapo tayari ni zaidi ya mara nne ya alilolirusha mtoto. Treni ikiwa ya 160 kama zile za umeme, jiwe linafika kwa 214, na hio ni karibu mara 16. Mtoto karusha moja, kapokelewa kumi na sita.

Wakikuambia tunarusha kwa ubavu sio kwa mbele, waambie haisaidii kama wanavyodhani. Hata jiwe ambalo halijarushwa na mtu, limening'inizwa kwa kamba juu ya reli limetulia tuli, likikutana na kioo cha treni ya 160 linaingia kwa 160. Treni yenyewe ndo inalirusha. Na nyuma ya kile kioo kuna mtu anaendesha, na nyuma yake kuna watu mia kadhaa.

Kuvuka sasa. Treni ikija moja kwa moja upande wako haihami kushoto wala kulia, inachofanya ni kukua tu machoni, na ikiwa mbali inakua taratibu mno. Tena ni kitu kikubwa, na macho yetu yana udhaifu huu kwamba kitu kikubwa kinaonekana kinaenda polepole kuliko kidogo chenye spidi ileile. Kwaiyo mtoto anaposema inakuja polepole hasemi uongo, anasema alichokiona, ila macho yamemhesabia vibaya. Treni ya 72 kwa saa iliyoko mita 200 inamfikia kwa sekunde 10. Sekunde 10 ni kufunga kamba ya kiatu. Na dereva akimwona akavuta breki palepale hawezi kusimama ndani ya zile mita 200, treni nzito ya mizigo inaweza kutafuta hata kilometa nzima ndo isimame, chuma juu ya chuma hakishiki kama tairi juu ya lami.

Maneno matupu kwa watoto najua hayatoshi. Fanya hivi, Jumamosi jioni mahali pa wazi mbali na barabara: tengeneza mpira wa makaratasi na matambara ule wa chandimu, uwe mwepesi, uulowanishe kidogo. Mmoja asimame, mwenzake amrushie tumboni, asikie ulivyo. Alaf huyohuyo apande baiskeli aje kwa kasi kuelekea kwa mrushaji, na mrushaji arushe kwa nguvu ileile, asiongeze hata kidogo. Mwenye baiskeli mwenyewe ndo atakayewaeleza wenzake tofauti yake. Wabadilishane mpaka kila mmoja awe amekaa upande wa treni.